Kichocheo Kilichomo Katika Kucha za Akriliki: Mwongozo kwa Mafundi na Wateja wa Kenyatta Market

Kucha za akriliki hutengenezwa kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja, kikiwa peke yake, huweza kukaa rafuni kwa miezi mingi bila kubadilika: poda laini iliyomo katika kopo, na kimiminiko chenye harufu kali kilichomo katika chupa. Fundi anapochovya brashi katika kimiminiko na kuigusisha kwenye poda, tone linalopatikana huanza kuganda ndani ya dakika chache, bila moto, bila taa na bila mashine yoyote, hata likawa gumu kiasi cha kupigwa tupa. Kinachowezesha mgando huo katika joto la kawaida la chumba ni kiasi kidogo cha kemikali ya kikaboni iitwayo dimethili-para-toluidini, ambayo wanakemia huifupisha kuwa DMPT. Mwongozo huu unaeleza tabia ya kemikali hiyo, matumizi yake na hatari zake, kwa kuzingatia hali ya Kenyatta Market, soko la mtaa wa Golf Course kando ya Mbagathi Way jijini Nairobi, ambalo sifa yake imejengwa na wasusi na wachomaji nyama wanaofanya kazi katika vibanda vilivyoshikana, kiasi kwamba mvuke unaotoka katika meza ya fundi mmoja wa kucha humfikia jirani yake kabla haujafika nje.

Tabia ya kemikali yenyewe

DMPT ikiwa mpya ni kimiminiko kama mafuta mepesi, kisicho na rangi au chenye umanjano hafifu, ambacho hukolea kuelekea hudhurungi kadiri kinavyokutana na hewa na mwanga. Fomula yake ni C9H13N na uzito wa molekuli zake ni gramu 135.2 kwa moli. Huchemka kwenye nyuzijoto 211 za Selsiasi, ni nyepesi kidogo kuliko maji, na huyeyuka kwa shida ndani ya maji ilhali huyeyuka vizuri katika pombe, asetoni na mafuta. Sifa hiyo ya kupenda mafuta si ya kupuuzwa, kwa sababu ngozi ya binadamu nayo imetandazwa mafuta, na kemikali ya namna hiyo hupenya ngozi kwa urahisi kuliko ile inayoyeyuka katika maji pekee.

Majina yake ni mengi na yanachanganya. Lebo ya kipodozi huiandika Dimethyl Tolylamine, karatasi ya maabara huiandika kwa jina refu zaidi, na muuzaji wa rejareja huenda asiitaje kabisa bali akasema tu kwamba chupa ina "kichocheo". Namba yake ya utambulisho ya CAS, yaani namba ambayo kila kemikali hupewa mara moja na kutumiwa duniani kote, ni 99-97-8. Msomaji anayetaka uhakika na aitafute namba hiyo katika karatasi ya maelezo ya usalama, kwa kuwa jina linaweza kubadilishwa na namba haibadiliki.

Kemikali hii ni ya jamii ya amini za daraja la tatu, maana yake ni kwamba katikati ya kila molekuli ipo atomu ya nitrojeni iliyoshikana na atomu tatu za kaboni, huku jozi moja ya elektroni zake ikibaki bila mshirika. Jozi hiyo ndiyo mtendaji wa kazi yote inayoelezwa hapa. Ndani ya poda, pamoja na chembe za plastiki iliyosagwa, mmewekwa benzoili peroksaidi, ambayo mara nyingi huwa asilimia 1 au 2 tu ya poda na ambayo wengi wanaifahamu bila kujua, kwa kuwa ndiyo dawa inayouzwa katika maduka ya dawa kwa ajili ya chunusi. Molekuli ya peroksaidi ina kifungo dhaifu kati ya atomu mbili za oksijeni. Ikiachwa peke yake, kifungo hicho huhitaji joto la takriban nyuzijoto 70 au zaidi ili kivunjike kwa kasi yenye manufaa. Lakini jozi ya elektroni ya amini inapokisogelea, huvunjika katika joto la meza na kutoa radikali huru, yaani vipande vya molekuli vyenye elektroni moja iliyo pweke, vinavyoshambulia chochote kilicho karibu. Kilicho karibu ni monoma, yaani molekuli ndogo za ethili methakrileti zilizojaa katika chupa, ambazo zikishambuliwa hushikana moja baada ya nyingine kama shanga zinazotungwa katika uzi, hadi kimiminiko kiwe polima, ambayo ni plastiki ngumu.

Hapa inafaa kusahihisha neno ambalo fundi na muuzaji hulitumia kwa wema lakini bila usahihi. Kichocheo halisi, kwa maana ya kemia, huharakisha mmenyuko na mwishowe hubaki kama kilivyokuwa, tayari kuanza upya. Hivyo ndivyo ilivyo kwa vichocheo vya kikaboni kama prolini, asidi ya amino ambayo utafiti juu yake ulichangia Benjamin List kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2021 pamoja na David MacMillan. DMPT haibaki hivyo. Sehemu yake huliwa katika mmenyuko na kuwa sehemu ya plastiki, na sehemu nyingine hubaki huru ndani ya ukucha ulioganda, ikitoka polepole. Kwa hiyo jina linaloistahili ni kiongeza kasi, na tofauti hiyo ina uzito mezani: kinacholiwa huacha mabaki, na mabaki hayo hukaa juu ya ukucha wa mteja na katika vumbi ambalo fundi hulivuta anapopiga tupa.

Mahali inapotumika

Kugundua kwamba amini inaweza kugandisha akriliki bila kupika kulifanyika Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na walionufaika kwanza walikuwa madaktari wa meno, ambao hadi wakati huo walilazimika kuchemsha viunzi vya meno bandia ndani ya maji ili vigumu. Kutoka katika meno, maarifa hayo yaliingia katika upasuaji wa mifupa, ambako daktari Mwingereza John Charnley, mwishoni mwa miaka ya 1950, alianza kushikiza viungo bandia vya nyonga kwa saruji ya akriliki. Saruji hiyo hadi leo huja katika pakiti mbili, poda yenye peroksaidi na kimiminiko chenye DMPT, vinavyochanganywa katika chumba cha upasuaji dakika chache kabla ya kutumika. Kutoka katika meno pia, katika miaka ya 1950 huko Marekani, nyenzo hiyo ilivuka hadi kwenye kucha. Fundi wa kunyoosha bodi za magari naye anapochanganya puti ya kuziba mabonyeo na kitone cha kigandishi chekundu, anatumia peroksaidi ileile na amini za ukoo huohuo.

Ni jambo la kutafakari kwamba Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka sokoni. Kemia inayoganda katika vyumba vya upasuaji wa mifupa na ile inayoganda mezani pa fundi wa kucha ni moja. Upande mmoja mchanganyaji amefundishwa, amevaa glavu, hewa ya chumba inabadilishwa kwa mitambo na karatasi ya usalama imehifadhiwa. Upande wa pili msichana aliyejifunza kazi kwa kumtazama mwenzake anachanganya kutwa nzima, siku sita kwa wiki, kwa mikono mitupu. Pengo hilo haliwezi kutetewa kwa hoja ya kwamba kucha ni urembo tu, kwa kuwa mwili wa mchanganyaji hauulizi kemikali imekusudiwa nini.

Chupa, poda na kipimo

Jambo la kwanza la kuchunguza wakati wa kununua ni monoma. Kimiminiko kinachokubalika kwa kucha ni cha ethili methakrileti, ambacho hufupishwa EMA. Kimiminiko cha methili methakrileti, yaani MMA, ni cha meno bandia na saruji ya mifupa. Ni cha bei nafuu, hushika ukucha kwa nguvu kupita kiasi na hutoa plastiki ngumu mno, hivi kwamba kidole kikigonga mlango, ukucha wa asili hung'oka pamoja na ule wa bandia badala ya ule wa bandia kuvunjika. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya bidhaa za kucha zenye MMA tupu tangu miaka ya 1970. Dalili zake si ngumu kuzitambua: harufu yake ni kali na tofauti, kucha zake hazilainiki kwa urahisi katika asetoni, na bei yake ni ya chini kiasi cha kutiliwa shaka. Chupa isiyo na lebo, au iliyojazwa upya kutoka katika dumu, haifai kununuliwa hata kama anayeiuza ni mtu wa kuaminika, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kujua kilichomo.

Jambo la pili ni rangi. Kimiminiko kilichogeuka manjano kinaonyesha kwamba amini yake imeanza kuoza kwa oksijeni, na kucha zitakazotengenezwa nacho zitazidi kuwa za manjano zikipigwa na jua. Hata hivyo watengenezaji wengi hutia rangi ya zambarau hafifu ili kuuficha umanjano huo, kwa hiyo tarehe ya mwisho wa matumizi ni ushahidi bora kuliko macho.

Kipimo cha kawaida ni sehemu moja na nusu ya kimiminiko kwa sehemu moja ya poda, kiasi kwamba tone likiwekwa juu ya ukucha hubaki na umbo lake la duara kwa nukta chache kabla ya kulegea polepole. Tone linalotiririka hadi kwenye ngozi lina kimiminiko kingi kuliko peroksaidi inayoweza kukigandisha, na hivyo huacha monoma na amini zisizofungika, ambazo ndizo chanzo kikubwa cha mzio. Vilevile poda na kimiminiko vitoke kwa mtengenezaji mmoja, kwa kuwa kiasi cha peroksaidi kilipimwa kulingana na kiasi cha amini. Kuchanganya kopo la huyu na chupa ya yule ni kubahatisha jambo ambalo mtengenezaji alilipima.

Mwezi wa Julai, wakati asubuhi za Nairobi ni baridi, akriliki huganda pole pole na wakati mwingine hufanya vipele kama chumvi juu ya ukucha. Kasi ya mmenyuko wa namna hii hupungua kwa takriban nusu kila joto linaposhuka kwa nyuzijoto 10, na dawa yake ni kuupasha moto mkono wa mteja kwa kitambaa chenye joto au kusubiri chumba kipate joto. Kuongeza kiongeza kasi katika chupa, au kunyunyizia dawa ya kugandisha gundi juu ya akriliki mbichi, ni kosa lenye madhara, kwa sababu mgando wenyewe hutoa joto na ukiharakishwa mno joto hilo hukosa muda wa kutawanyika, likaunguza kitanda cha ukucha. Mteja anayehisi kuungua na auondoe mkono na aseme mara moja. Maumivu hayo si sehemu ya urembo.

Kwa hali yoyote, DMPT halisi isikutanishwe na benzoili peroksaidi halisi. Vikikutana bila monoma wala poda ya kuvizimua, hulipuka. Onyo hili huenda likaonekana kuwa la maabara pekee, lakini kemikali hizi huuzwa pia kwa wafanyakazi wa resini na fibaglasi, na mtu anayefikiri kwamba atapunguza gharama kwa kununua viambato na kujichanganyia mwenyewe anahitaji kulijua kabla hajafungua chupa ya pili.

Madhara kwa ngozi, damu na maisha ya baadaye

Madhara yanayoonekana zaidi ni ya ngozi. Methakrileti ambazo hazijaganda zikigusa ngozi mara kwa mara huufundisha mwili kuzichukia, na mwili ukishajifunza hausahau: vidole hupasuka na kuwasha, ukucha huachana na kitanda chake, na kope huvimba kwa sababu mtu hugusa uso bila kufikiri. Mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote. Uzito wake haujulikani vya kutosha sokoni, kwa maana mtu aliyeupata kupitia kucha anaweza kupata matatizo miaka mingi baadaye anapohitaji kuzibwa jino kwa resini au kushikizwa kiungo bandia kwa saruji ya mifupa. Glavu za nitrili ni bora kuliko za mpira wa kawaida, ingawa nazo hupenywa na methakrileti ndani ya dakika chache, na kwa hiyo glavu iliyoguswa na kimiminiko ivuliwe papo hapo. Kuivaa kutwa ni kuifunga kemikali karibu na ngozi. Ngozi isifutwe kwa asetoni au kwa kimiminiko chenyewe, bali ioshwe kwa sabuni na maji.

Madhara ya damu hayatokei mara nyingi, lakini ndiyo yanayoweza kuua kwa haraka. DMPT ikiingia mwilini, ini huibadilisha kuwa vitu vinavyokinyang'anya chuma cha hemoglobini elektroni moja, na hemoglobini hugeuka kuwa methemoglobini, ambayo haiwezi kubeba oksijeni. Damu ya mtu mwenye afya huwa na methemoglobini isiyozidi asilimia 1 au 2. Ikifikia asilimia 10 hadi 15 midomo huanza kuwa ya bluu au kijivu, ikizidi asilimia 20 huja maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kupumua kwa shida, na ikipita 70 maisha huwa hatarini kabisa. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani waliripoti mtoto mdogo aliyepatwa na hali hiyo baada ya kunywa kimiminiko cha kucha bandia. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi dalili hizo zitafutwe kwenye midomo, ufizi, ulimi na upande wa ndani wa kope, kwa kuwa ngozi ya uso haitaonyesha mapema. Kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni nacho hudanganya katika hali hii, kwani huelekea kusoma karibu asilimia 85 hata hali ikiwa mbaya zaidi.

Mtoto aliyekunywa kimiminiko hicho asitapishwe na asinyweshwe maziwa, ingawa maziwa ndiyo yanayokimbiliwa na wengi; maziwa hayaiondoi amini mwilini, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitalini bila kusubiri dalili, pamoja na chupa yenyewe au picha ya lebo yake, na daktari aambiwe wazi kwamba kimiminiko ni cha kucha za akriliki. Tiba ni methilini bluu, inayotolewa kwa mshipa na wataalamu peke yao, na hapa kuna jambo linalowahusu hasa watu wenye asili ya maeneo ya malaria, kama vile pwani na magharibi mwa Kenya: wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi katika maeneo hayo, wanaweza kudhuriwa na dawa hiyo, na kwa hiyo familia inayojua kwamba ina hali hiyo iiseme mapema. Kimiminiko kikiingia machoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, na kwa kuwa vibanda vingi havina bomba, jerikeni la maji safi na kikombe viwekwe karibu kila siku kabla kazi haijaanza.

Kuhusu saratani, taarifa zilizopo ni za wanyama. Programu ya taifa ya sumu ya Marekani ilitoa mwaka 2012 ripoti ya utafiti wa miaka miwili ambamo panya wakubwa na wadogo waliolishwa DMPT walipata uvimbe wa saratani, hasa katika ini, na kwa panya wakubwa katika pua pia. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika monografia yake ya 115 iliyotoka mwaka 2018, liliiweka katika kundi la 2B, maana yake ni kwamba huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya uliona hatari hiyo inatosha, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 ukapiga marufuku matumizi ya DMPT katika vipodozi pamoja na TPO, kemikali inayogandisha kucha za jeli kwa taa. Mteja anayekwenda kutengenezwa kucha mara chache kwa mwaka hana sababu ya kuingiwa na hofu kubwa. Anayestahili kufikiriwa kwanza ni fundi, ambaye anakutana na kemikali hiyo kila saa ya kazi. Zipo chapa zinazotumia amini nyingine zenye molekuli kubwa zaidi, zisizopenya ngozi kwa wepesi huo, nazo ni hatua mbele, mradi muuzaji aweze kuonyesha karatasi ya usalama na si tangazo tu.

Moto, mvuke na vibanda vya soko

Ethili methakrileti hutoa mvuke unaoweza kuwaka kuanzia joto la takriban nyuzijoto 20, joto ambalo Nairobi hulifikia karibu kila mchana, na asetoni inayotumiwa kutolea kucha hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzijoto 20 chini ya sifuri. Mvuke wa ethili methakrileti ni mzito karibu mara nne kuliko hewa, kwa hiyo hauelei kwenda juu bali hushuka sakafuni na kutambaa kama maji. Matokeo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba mtoto anayecheza chini ya meza wakati mama yake anatengenezwa kucha huvuta hewa iliyo mbaya kuliko ile wanayovuta watu wazima juu yake. La pili ni moto: katika soko ambamo msusi huchoma ncha za nywele za bandia kwa kiberiti au kuchemsha maji ya kuzichovya, na majiko ya mkaa ya nyama choma hayako mbali, mvuke uliotambaa unaweza kukutana na mwali mahali ambapo fundi wa kucha hawezi hata kuuona. Makubaliano kati ya majirani ni ya lazima, kwamba kazi ya kucha isifanywe katika kibanda kimoja na kazi ya moto kwa wakati mmoja.

Kikombe cha kimiminiko kiwe kidogo, kiwe na kifuniko, na kijazwe kwa kiasi cha kazi iliyopo. Pamba na karatasi zilizolowa zitiwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, kwa kuwa ndizo zinazotoa mvuke mwingi bila kuangaliwa. Feni iwekwe ili hewa itoke kwa fundi kuelekea nje, isipige kutoka kwa mteja kuja usoni mwa fundi wala isisukume vumbi kwenye kibanda cha chakula. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Ile ya aina ya N95 huzuia vumbi la kupiga tupa, na ina thamani kwa ajili hiyo, ila mvuke hupita ndani yake bila kizuizi na huondolewa na hewa safi pekee.

Chupa ihifadhiwe mahali pa baridi na giza, mbali na jiko, na isijazwe hadi mdomoni, kwa sababu kizuizi kinachotiwa ndani yake ili isigande yenyewe huhitaji oksijeni kidogo ili kifanye kazi. Kimiminiko kilichobaki katika kikombe kisirudishwe katika chupa, kwani brashi imekwisha kuingiza chembe za poda, na peroksaidi iliyo katika chembe hizo inaweza kugandisha chupa nzima. Mabaki hayo yachanganywe na poda hadi yagande, ndipo yatupwe pamoja na taka ngumu. Yasimwagwe katika mtaro.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali pote pa kazi nchini Kenya, kibanda kikiwemo, na inawataka wanaosambaza kemikali wazipatie lebo na karatasi za usalama. Fundi anayeomba karatasi hiyo dukani haombi hisani. Vipodozi navyo husimamiwa na viwango vya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na alama ya shirika hilo katika kifungashio ni kitu cha chini kabisa cha kutarajiwa, ingawa haiondoi haja ya kusoma viambato vilivyoandikwa chini yake.

Kwa mteja anayetarajia kulazwa au kufanyiwa upasuaji, ni vyema kucha za akriliki ziondolewe siku kadhaa kabla, au angalau ukucha mmoja katika kila mkono uachwe wazi, ili kipimo cha oksijeni kisome bila kizuizi na daktari aweze kuona rangi ya kitanda cha ukucha. Kuondoa kufanywe kwa kupunguza unene kwa tupa, kisha kuloweka kwa asetoni dakika 20 hadi 30 katika chumba chenye hewa na mbali na moto, na plastiki iliyolainika isukumwe taratibu kwa kijiti cha mti. Kuibandua kwa nguvu huchuna tabaka la juu la ukucha wa asili, ambalo huchukua takriban miezi sita kuota upya kutoka shinani hadi nchani.